Nimepewa timu ya mauzo ya viwanja, mauzo yameshuka karibu nusu. Tatizo ni mimi au wao?

#1 Nusu Heka
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, matusi wekeni akiba.

Nipo kampuni ya kuuza viwanja hapa Dar. Miradi yetu mingi ni Kigamboni ya ndani, Mwasonga na kuelekea Kimbiji. Nimeuza miaka minne, na bila kujisifu ndiye niliyekuwa naongoza. Machi mwaka huu kiongozi wa timu aliacha kazi, bosi akanikabidhi kiti. Wauzaji ninao 8.

Enzi zile timu ilikuwa inafunga viwanja 28 kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri 30. Vyangu peke yangu 8. Mwezi uliopita tumefunga 17, na katika hivyo 6 nimeuza mimi.

Sijakaa bure. Kikao kila Jumatatu saa 2 asubuhi. Kila mtu anatuma ripoti kwenye grupu la WhatsApp kabla ya saa 12 jioni: amepiga simu ngapi, amepeleka wangapi saiti. Anayeongoza mwezi anapata 50,000 ya zawadi, inatoka mfukoni kwangu. Wapi. Mtu anaandika "simu 30" na ukimpigia unasikia hana hata salio. Muuzaji wangu bora, nimwite Fundi, Jumapili iliyopita kaonekana saiti na mteja ambaye kwenye ripoti hayupo.

Timu ya namna hii inaongozwaje? Niwabane zaidi, niwafukuze nianze upya, au nirudi zangu kuuza?

#2 chumvi_ya_mawe
Ngoja nivute kiti. Nikirudi nikute mmeshapigana.

#3 Dalali Mstaafu
Fukuza wawili, waliobaki watanyooka. Nimefanya udalali tangu Sinza bado ina mashimo ya mchanga. Muuzaji ni kama punda, haendi bila mzigo. Ripoti za simu ni mambo ya ofisini, mpe tageti ya viwanja 4, asiyefikisha miezi miwili mfululizo akatafute kazi nyingine.

#4 Kalamu Nyekundu
Kabla ya kufukuza mtu tuweke hesabu sawa. Kutoka 28 hadi 17 ni pungufu ya asilimia 39, siyo "karibu nusu". Lakini toa vyako. Zamani 28 toa 8, wenzako walikuwa wanauza 20. Sasa 17 toa 6, wanauza 11. Watu ni walewale 8. Hapo ndipo palipo karibu nusu, asilimia 45. Mauzo yako wewe hayajashuka sana. Ya kwao ndiyo yameporomoka, na yameporomoka baada ya wewe kupanda.

Maswali mawili. Aliyekutangulia alikuwa anauza? Na wewe unalipwaje?

#5 Nusu Heka
Mkuu #4 asante. Aliyenitangulia hakuwa anauza, alikuwa anakaa ofisini na kwenda saiti wikiendi. Wengi tulimwona mvivu.

Malipo: kamisheni asilimia 5 kwa kiwanja ninachouza mwenyewe. Wanachouza wao napata asilimia 1. Wauzaji wana posho 150,000 kwa mwezi pamoja na asilimia 5 yao.

#6 Mtoto wa Pantoni
Mimi ni mkazi wa huko huko Kigamboni na nitakwambia usichotaka kusikia: bidhaa yenu ndiyo tatizo. Mwasonga siyo Kibada. Kibada ilipimwa na serikali kwenye ule mradi wa viwanja 20,000, mtu ananunua anajua barabara iko wapi. Huko kwenu mteja anapelekwa na gari ya ofisi kiangazi, anaona pazuri, anarudi mwenyewe Aprili anakuta bajaji zimegoma kuingia. Anaahirisha.

Halafu watu wana kumbukumbu. 2008 serikali ilitangaza mji mpya wa Kigamboni, ujenzi ukasimamishwa, watu wakakaa miaka na maeneo wasiyoweza kuyaendeleza wala kuyauza kwa bei ya maana. Daraja limefunguliwa 2016 ndiyo roho zikarudi. Mzee wa miaka 55 ukimwambia "Kigamboni fursa" anacheka kwanza.

#7 Dalali Mstaafu
Mtoto wa Pantoni unapotosha. Kama ni bidhaa, mbona yeye kauza 6 hukohuko Mwasonga? Barabara yake inapitika peke yake?

#8 Mtoto wa Pantoni
Hapo umenikamata mzee. Lakini kwenye tope sijakosea.

#9 Zamu ya Usiku
Nimeuza viwanja miaka miwili, kampuni nyingine, nikaacha. Nimesoma mara mbili nikaona kuna kitu hujakisema. Namba ya simu iliyopo kwenye mabango na kwenye matangazo ya Instagram ni ya nani?

#10 chumvi_ya_mawe
Swali hilo! Nimesogeza kiti mbele.

#11 Mzabibu
Nipo Dodoma. Huku CDA, ile mamlaka ya serikali iliyokuwa inagawa viwanja vya Dodoma, ilivunjwa Mei 2017, viwanja vikahamia kwa manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji, na kwa kuwa serikali ilikuwa inahamia, kila mwenye simu akawa dalali. Nilikuwa na vijana watano. Miaka ile sikuongoza chochote, wateja walikuwa wanajileta, nikajiita kiongozi bora. Soko lilipopoa nikagundua vijana wangu hawajui hata kusoma ramani ya mipango miji, na mimi sijui kuwafundisha maana nami sijawahi kufundishwa.

Kwa hiyo inawezekana si wewe wala si wao. Inawezekana ile 28 ndiyo ilikuwa bahati.

#12 Nusu Heka
#9 namba ya kwenye mabango ni ya ofisi.

#13 Zamu ya Usiku
Ya ofisi sawa. Laini iko kwenye simu ya nani?

#14 Kalamu Nyekundu
Wakati tunasubiri jibu, hebu tuone mtego uliotegwa. Kiwanja chenu cha wastani shilingi ngapi?

#15 Nusu Heka
Mita za mraba 400, kwa 12,000 kila mita. Milioni 4.8. Kuna vikubwa ila hivyo ndivyo vinavyotoka.

#16 Kalamu Nyekundu
Haya. Asilimia 5 ya 4,800,000 ni 240,000. Sita zako ni 1,440,000. Asilimia 1 ni 48,000, mara 11 za timu ni 528,000. Jumla mwezi uliopita umevuna 1,968,000.

Sasa tuseme wateja wale 6 ungewagawia vijana na wote wangefunga. Timu 17, wewe sifuri. 17 mara 48,000 ni 816,000. Umepoteza zaidi ya milioni kwa kuwa kiongozi mzuri.

Ili upate 1,968,000 ileile bila kuuza mwenyewe, timu inatakiwa ifunge viwanja 41. Hamjawahi kuvuka 30. Bosi wako kakupa cheo cha kocha lakini mshahara wa mshambuliaji. Unalaumiwaje kwa kupiga penalti zote?

#17 chumvi_ya_mawe
Kalamu Nyekundu njoo unihesabie na mimi, nina bodaboda moja na wadai wanne.

#18 Mkaazi wa Kitengela
Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo. Wakala anatakiwa asajiliwe na bodi chini ya Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura 533, japo wanaouza bila kusajiliwa pia ni wengi, nisidanganye. Kampuni nyingi za ploti zina basi la bure la kupeleka wateja saiti Jumamosi, na wateja wa basi hugawanywa kabla halijaondoka mjini. Mwenye jina kwenye orodha ndiye mwenye mteja. Kiongozi wetu wa mauzo haruhusiwi kuwa na jina kwenye ile orodha. Haijalishi mteja ni mjomba wake.

Sisi tunauza ploti ya hamsini kwa mia, yaani thumuni ya eka, na mtu mmoja hufunga tatu au nne akijitahidi.

#19 Mzabibu
Karibu jirani, ila 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Thumuni ya eka ni 5,445. Hizo 445 mnawapa nani?

#20 Mkaazi wa Kitengela
😂 Hizo ni za barabara. Usiniharibie biashara ndugu yangu.

#21 Dalali Mstaafu
Na huyu "Nusu Heka" nusu heka ni mita za mraba 2,000 na kitu. Kwa vipande vya 400 ni vitano, ukitoa njia ni vinne. Jina tu linaonyesha tamaa.

#22 Nusu Heka
Mzee, nusu heka ni shamba la marehemu bibi kule Mkuranga. Tuache hayo.

#13, laini iko kwenye simu yangu. Ngoja nieleze kabla hamjanirukia. Nilipoanza 2021 ofisi haikuwa na simu, nikatoa laini yangu ya pili. Ikaandikwa kwenye mabango, kwenye stika za bajaji, kwenye kuta. Nilipopanda cheo haikuzungumzwa. Simu zikiingia napokea mimi. Mteja akionekana yupo tayari namhudumia mwenyewe nisimpoteze, akionekana anauliza-uliza tu nawapa vijana wamfuatilie.

Nilidhani nawasaidia. Kwa siku zinaingia simu 12 hadi 15.

#23 Zamu ya Usiku
Asante kwa ukweli, wengi wangezima uzi.

Dada au kaka, hapo unakula mapaja na matiti, vijana unawapa miguu na shingo, kisha Jumatatu saa 2 asubuhi unawauliza mbona hawanenepi. Ndiyo maana wanaandika "simu 30". Wampigie nani? Hizo namba ni za watu waliokwishakwambia wewe kwamba hawana hela.

#24 chumvi_ya_mawe
Kuku wa kienyeji kagawiwa na mwenye kisu 😂😂

#25 Nusu Heka
Ni dada. Mama wa watoto wawili.

#26 chumvi_ya_mawe
Shikamoo. Nafuta yote niliyoandika isipokuwa la kuku.

#27 Dalali Mstaafu
Msimwonee. Mteja wa moto ukimpa kijana asiyejua kujibu swali la hati, anapoa. Nimepoteza nyumba ya Mikocheni hivyo. Mteja kauliza hati ni ya miaka mingapi, kijana wangu kajibu "hii ni yako milele baba". Mteja alikuwa jaji mstaafu. Kashuka ngazi hakurudi. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, unapewa haki ya kuitumia kwa muda, 33, 66 au mwisho 99. Mtu asiyejua hilo utampa mteja wa milioni mia tatu?

#28 Zamu ya Usiku
Mzee huyo kijana ulimfundisha lini?

#29 Dalali Mstaafu
Sisi nani alitufundisha?

#30 Zamu ya Usiku
Basi turudi kwa Fundi wake. Kamisheni zenu zinalipwa lini? Mteja akilipa kwa awamu muuzaji anapata hela yake siku gani?

#31 Nusu Heka
Wengi wanalipa miezi 12, laki 4 kwa mwezi. Kamisheni inatoka mteja akifikisha nusu. Akiishia njiani haitoki.

#32 Zamu ya Usiku
Yaani 240,000 inasubiriwa miezi sita, na mteja akikwama mwezi wa nne muuzaji kala hasara ya nauli na bando, huku ofisi ina milioni 1.6 ya mteja mkononi.

Sasa jiweke kwenye viatu vya Fundi. Kuna mwenye shamba jirani na mradi wenu, anataka milioni 6 yake mkononi. Fundi anampata mteja wa fedha taslimu, anamtajia milioni 7. Jioni hiyohiyo ana milioni moja ya cha juu. Wewe unampa makofi na 50,000. Mimi nilikuwa Fundi. Mteja wa awamu nilimpeleka ofisini, mwenye taslimu nilimpeleka kwa mwenye shamba. Sijivunii, nasema kilichokuwepo.

#33 Dalali Mstaafu
Cha juu ni halali ya dalali. Mwenye mali kapata alichotaka, mnunuzi kakubali bei. Nani kaibiwa?

#34 wakili_bila_joho
Hapana mzee wangu. Sheria ya Mikataba, Sura 345, ina sehemu nzima ya uwakala. Wakala akifanya biashara ya aliyemtuma kwa manufaa yake mwenyewe bila kumjulisha, aliyemtuma anaweza kuyadai manufaa hayo. Mlipoelewana tangu mwanzo kwamba "niletee 6, kinachozidi chako", hiyo ni habari nyingine. Kufichana ndiko kunakoleta kesi.

Na dada mwenye uzi, kabla hujamfuata mzee kwenye "fukuza wawili": vijana wako wana mikataba?

#35 Nusu Heka
Hawana. Bosi anasema ni wa kamisheni, siyo waajiriwa.

#36 Dalali Mstaafu
Basi hawana haki yoyote, asubuhi unawaambia kwaheri.

#37 wakili_bila_joho
Taratibu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa kikiwepo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa. Kimojawapo ni kumfanyia kazi mtu yuleyule wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kingine ni kuelekezwa namna ya kufanya kazi. Nyie mna kikao saa 2 asubuhi, ripoti ya jioni na posho ya kila mwezi. Anayesema siyo waajiriwa ndiye atakayetakiwa kuthibitisha.

Akiwa amevuka miezi sita kazini, anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kulalamika kuachishwa isivyo halali, na ana siku 30 za kufungua shauri. Na ushahidi wake wote uko kwenye grupu lako la WhatsApp. Umemwandalia mwenyewe.

#38 chumvi_ya_mawe
Dada toka kwenye grupu kimyakimya kama unaenda dukani.

#39 Bi Mkubwa Muscat
Assalaam aleikum. Nawasikiliza wauzaji, acheni na mnunuzi aseme. Nipo Oman miaka 19. Nilinunua viwanja viwili Bagamoyo kwa awamu, kampuni siitaji. Muuzaji wa kwanza aliacha kazi mwezi wa tatu. Wa pili akaacha. Kila anayeondoka anaondoka na jina langu, halafu ananipigia: "Mama, kule kuna matatizo, mimi nipo sehemu mpya, hamia huku." Nikawa sijui nimwamini nani, nikasimamisha malipo miezi miwili. Haikuwa bei wala hati. Nilichoka kujieleza upya kwa watoto.

Kiongozi wao hajawahi kunipigia hata siku moja. Nilijua yupo baada ya kugombana.

#40 Mzabibu
Dada Nusu Heka, soma #39 mara tatu.

#41 wakili_bila_joho
Bi Mkubwa, pole. Na hilo la kuhama na namba za wateja siyo ujanja tu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa ulizoipa kampuni kwa ajili ya kununua kiwanja si mali ya muuzaji kwenda nazo kwingine. Ila kampuni nayo ijiulize kwa nini namba za wateja zimelala kwenye simu za watu binafsi.

#42 Zamu ya Usiku
Ikiwemo simu ya kiongozi 👀

#43 Mtoto wa Pantoni
Nitatetea upande mwingine kidogo. Hata mkigawana simu sawasawa, mwezi wa tisa watu wana nini? Wengi wametoka kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita, Januari inakuja na ada. Shemeji yangu anauza viwanja Chanika, hana kiongozi wala simu ya mabango, na yeye kashuka.

#44 Kalamu Nyekundu
Shemeji yako alishuka kutoka vingapi hadi vingapi?

#45 Mtoto wa Pantoni
Kutoka viwili hadi kimoja.

#46 Kalamu Nyekundu
Asilimia 50. Msiba wa taifa.

#47 Mkaazi wa Kitengela
Naongeza kisa. Tulikuwa na kiongozi aliyeuza kuliko sisi wote, kama huyu dada. Alipoacha kuuza, miezi miwili ya kwanza tulianguka zaidi. Kwa sababu zile simu za wateja wazito hatukujua kuzipokea. Mteja akiuliza "nitajuaje haijauzwa kwa mwingine" tulikuwa tunababaika. Alichofanya, alianza kupokea simu na sauti wazi, muuzaji ameketi kando anasikiliza, kisha kwa simu inayofuata wanabadilishana. Hakuna semina. Baada ya hapo ndipo namba zilipanda. Lakini pia mwezi huohuo lami ilifika kwenye mradi, kwa hivyo siwezi kuapa ni ipi iliyotusaidia.

#48 Dalali Mstaafu
Ni lami.

#49 Mtoto wa Pantoni
Ni lami, leo tumekubaliana.

#50 Zamu ya Usiku
Wanaume wawili na lami yao. Dada, acha simu ikae mezani ofisini, hilo tu kwanza.

#51 Mzabibu
Angalizo moja. Akiacha kuuza bila kubadilishiwa malipo atakuwa na njaa kufikia Desemba, na kiongozi mwenye njaa anaiba wateja wa vijana. Nimefanya, ndiyo maana najua. Aende kwa bosi na ile hesabu ya #16 kabla ya kugusa laini.

#52 Nusu Heka
Nimesoma zote. #23 iliniuma nikazima data. Nitarudi.

*(wiki tano baadaye)*

#53 Nusu Heka
Wakuu, mrejesho niliowaahidi.

Nilikwenda kwa bosi na hesabu ya Kalamu Nyekundu nimeichapa. Akaisoma, akasema "na mimi nina mkopo benki". Asilimia 1 haikuguswa. Ila alikubali jambo ambalo sikulitegemea: kamisheni sasa inatoka kwa kila awamu. Mteja akilipa laki 4, muuzaji anapata 20,000 yake wiki hiyohiyo. Ndogo, lakini inaonekana.

Laini nimeitoa. Nimenunua simu ya vitufe, inakaa mezani, tuna zamu kwa siku. Anayepokea ndiye mwenye mteja. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kijana mmoja aliulizwa kama kuna hati au barua ya toleo (ile ofa inayotangulia hati), akafunika simu kwa mkono akaniuliza mimi tofauti yake ni nini. Yupo mwaka wa pili kazini. Nikafanya kama alivyosema ndugu wa Kitengela, sauti wazi, mmoja anasikiliza.

Mwezi uliokwisha tumefunga 21. Vyangu ni 1, rafiki wa mama yangu, alikataa kuhudumiwa na mtu mwingine.

Fundi ameondoka. Ana ofisi yake ndogo karibu na kituo cha daladala Kibada, ameweka bango. Siku anaaga aliniambia hakuondoka kwa ajili yangu. Sikujua kama nifurahi.

#54 Kalamu Nyekundu
20 mara 48,000 ni 960,000, jumlisha 240,000 yako. 1,200,000. Umeshuka kutoka 1,968,000. Hongera na pole.

#55 Nusu Heka
Najua. Mtoto wa kwanza kaniuliza mbona siku hizi Jumamosi nipo nyumbani. Nikakosa jibu.

#56 Mtoto wa Pantoni
Nisichafue hali ya hewa, lakini greda limepita barabara ya huko kwenu wiki tatu zilizopita. Nimeliona kwa macho yangu.

#57 Zamu ya Usiku
Greda halipokei simu.

#58 Dalali Mstaafu
Lakini linaleta anayepiga. Na mmeona Fundi kaondoka na bado mauzo yamepanda? Nilisema fukuza wawili. Kaondoka mmoja tu mkapata nne zaidi.

#59 Mzabibu
Mzee kwa hesabu hiyo wakiondoka wote watauza 49.

#60 Bi Mkubwa Muscat
Mwanangu Nusu Heka, wateja wa huyo Fundi aliyeondoka nani kawapigia?

#61 Nusu Heka
Mimi mwenyewe, wote 14 wanaodaiwa awamu. Wawili walikuwa tayari wamepigiwa na yeye. Mmoja amehama. Mwingine alinitukana kwanza halafu akalipa.

#62 wakili_bila_joho
Mikataba ya vijana?

#63 Nusu Heka
Bosi kasema tuipeleke kwenye kikao kijacho.

#64 wakili_bila_joho
Nitaukuta uzi mwingine.

#65 chumvi_ya_mawe
Serious sasa, nilivyowacheka wote hapa nimejikuta nataka kiwanja. Mwasonga cha 400 bado vipo? Nina laki 4 ya kuanzia, wale wadai wanne wasijue.

#66 Nusu Heka
Vipo. Piga namba ya kwenye bango, leo zamu ya Rehema.

#67 chumvi_ya_mawe
Si nimekuuliza wewe?

#68 Nusu Heka
Piga kabla ya saa 11, anawahi pantoni.